Mama Faili na Dakika Kumi na Moja Ambazo Hazikuwepo

Dirisha la masjala bado limefungwa, lakini benchi limeshajaa. Ni saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Watu kumi na wanne wamekaa, wanne wamesimama wakiegemea ukuta, na mtoto mmoja mwenye homa analia kwa sauti iliyoanza kukauka.

Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na saba anavua sweta, analitundika nyuma ya mlango, anawasha kompyuta na papo hapo anaipa mgongo. "Hii inataka dakika sita kuamka," anasema. "Mimi nimeshaamka."

Anafungua daftari kubwa lenye mistari, rejesta ya wagonjwa, anaweka kalamu mbili pembeni, kisha anasukuma kioo cha dirisha.

"Haya wapenzi, habari za asubuhi. Nani katangulia? Na msinidanganye, nimewapita hapo nikiingia nikawaona wote."

Benchi zima linacheka, hata mama wa yule mtoto. Wanaanza kuja mmoja mmoja. Kila anayefika, karani anaandika jina, umri, anakotoka, na pembeni kabisa, kwenye ukingo wa karatasi, anaandika saa. Kumi na mbili na nusu. Kumi na mbili na dakika thelathini na mbili. Mtoto mwenye homa hamsubirishi. Anamwita muuguzi kwa ishara ya mkono, mtoto anaingizwa ndani, na hakuna anayenung'unika.

Jina lake halisi ni wachache wanaolijua katika kituo hiki cha afya. Wagonjwa, wauguzi, hata mlinzi wa getini, wote wanamwita Mama Faili. Ana miaka ishirini na tatu nyuma ya dirisha hili, na katika miaka hiyo mkataba wake umeongezwa mara ishirini na mbili, mwaka kwa mwaka. Kwa siku anaandikisha watu hamsini hadi tisini.

"Hii saa ya pembeni sikuagizwa na mtu," anasema huku akiandika. "Watu walikuwa wanagombana. Mimi nilitangulia, hapana, mimi nilitangulia. Siku moja walitaka kupigana na magongo yao ya kutembelea, fikiria! Nikasema basi, kila mtu nitamwandikia saa yake. Tangu hapo amani."

Haya, sasa sikia hili. Mwanamke huyu, ambaye masomo yake yaliishia sekondari na ambaye hadi leo anabonyeza kibodi kwa vidole viwili, kila mwaka hualikwa chuoni kusimama mbele ya wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho. Na haendi kuwaeleza habari za mafua. Anakwenda kufundisha falsafa.

Mwandishi wa makala haya, ambaye falsafa ilimpita kando shuleni na hakuifukuzia, alipoambiwa habari hizi alidhani anataniwa. Akafunga safari hadi chuoni kumuuliza mwenye somo.

Somo lenyewe linaitwa Misingi ya Falsafa ya Utafiti. Wanafunzi wa kompyuta wanalipenda kama wanavyopenda sindano. Kabla ya kuanza tasnifu zao wanatakiwa wajibu maswali mawili. La kwanza, hicho unachotaka kukichunguza kipo kweli, na kipo namna gani? La pili, wewe umejuaje?

"Wananiambia, mwalimu, sisi tumekuja kuandika programu," anasema mhadhiri wa somo hilo, mwanamume mrefu ambaye miwani yake huning'inia kifuani kwa kamba na bado huitafuta mezani. "Programu inafanya kazi au haifanyi. Falsafa ya nini tena? Nilijaribu kuwajibu kwa maneno makubwa miaka minne. Walisinzia miaka yote minne. Nashukuru Mungu siku aliyoniletea Mama Faili."

Hakuletwa na Mungu peke yake. Aliletwa na mwanafunzi.

Miaka sita iliyopita, msichana mmoja wa mwaka wa mwisho alifika kituoni na kompyuta yake ndogo ndani ya mfuko wa kitambaa. Makarani walimpachika jina siku hiyohiyo: Binti Kompyuta. Alikuwa ametengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa, na tasnifu yake ilitaka kuonyesha kwamba mfumo huo unapunguza muda wa kusubiri.

Mfumo ulikuwa rahisi kuuelewa. Karani anapobonyeza kitufe cha kusajili, kompyuta inaandika saa aliyofika mgonjwa. Daktari anapofungua faili la mgonjwa huyo, kompyuta inaandika saa aliyohudumiwa. Toa moja kwenye nyingine, umepata muda wa kusubiri. Nani atabisha?

"Alikuwa na adabu yule mtoto," anakumbuka Mama Faili. "Alinifundisha kibodi bila kunicheka. Nikikosea anasema, mama, hata mimi nilianza hivyohivyo. Uongo mtupu, lakini nilimpenda kwa uongo ule."

Baada ya wiki moja ya kufundisha, Binti Kompyuta alirudi chuoni. Takwimu zilimfuata hukohuko kwa mtandao kwa siku arobaini. Alikaa chumbani kwake akizitazama zikiingia, na kila siku zilikuwa nzuri kuliko jana yake.

Kabla ya mfumo, alipokuwa amekaa mwenyewe benchini wiki mbili na saa yake mkononi, mgonjwa alisubiri kwa wastani wa saa mbili na robo. Baada ya mfumo, kompyuta ilisema mgonjwa anasubiri dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja! Mkuu wa kituo alipopelekewa habari hizo alizisoma kwenye mkutano wa wafanyakazi kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi. Akasema vituo vingine vinane vitapewa mfumo huo. Akasema pia kwamba, kwa kuwa foleni sasa imekwisha, daktari wa pili atahamishiwa kwingine mwisho wa mwezi.

"Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, sikusikia vizuri hiyo namba," anasema Mama Faili. "Nilisikia makofi tu. Na mimi nikapiga."

Alhamisi moja Binti Kompyuta alikuja kuaga. Tasnifu ilikuwa imekamilika, Jumatatu anaiwasilisha. Alikuja na nakala moja, akaifungua ukurasa wa shukrani na kuipitisha chini ya kioo cha dirisha.

"Mama, nimekuletea uone nilivyokutaja."

Ukurasa ule ulimshukuru Mungu, wazazi, msimamizi, na mstari wa nne ulimshukuru karani wa masjala, "ambaye bila juhudi zake takwimu za utafiti huu zisingepatikana."

"Nilisoma mara tatu," anasema Mama Faili. "Machozi yalinilenga. Mimi ndiye ninayeandika watu, mwanangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniandika mimi mahali. Nikamwambia niachie nakala hii, nijivunie nayo nyumbani."

Binti akaenda zake. Mama Faili, kwa furaha tu, akaanza kufunua kurasa. Alitaka kuziona hizo takwimu zake.

"Nikaona dakika kumi na moja. Nikainua macho, nikatazama benchi. Palikuwa na mzee amelala mdomo wazi. Nilimwandika saa moja kasorobo, na wakati ule ilikuwa saa tatu na nusu. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka."

Ilimchukua muda mfupi kuelewa kilichotokea, kwa sababu aliyekifanya ni yeye.

Asubuhi, benchi linapojaa, kompyuta ilikuwa nzito mno. Jina moja liliweza kula dakika nne. Makarani watatu wa masjala wakajipangia utaratibu wao: waandike kwanza watu wote kwenye rejesta kama zamani, halafu daktari anapoanza kuita, wawaingize kwenye kompyuta kumi kumi, wale wanaokaribia zamu yao. Kazi ilikwenda. Benchi lilitulia. Ila kwa kompyuta, mtu aliyekuwa amekaa pale tangu alfajiri alikuwa ndiyo kwanza anatia mguu mlangoni.

"Mashine haikumwona mgonjwa akiingia," anasema Mama Faili. "Iliniona mimi nikibonyeza. Yule mtoto alipima vidole vyangu, akadhani amepima benchi."

Sasa hapo ndipo penye mtihani. Juu ya dirisha hilihili palikuwa na tangazo lenye sahihi ya mkuu wa kituo: kila mgonjwa asajiliwe kwenye kompyuta papo hapo anapofika, na karani atakayekiuka hataongezewa mkataba. Mkataba wa Mama Faili ulikuwa unaisha mwezi uleule. Mume wake alishatangulia mbele za haki, na nyumbani alikuwa na mabinti wawili, wote sekondari.

Akikaa kimya, kazi anayo, Binti Kompyuta anavaa joho, kila mtu anapiga makofi. Na daktari wa pili anaondoka, na watu wa benchi wanabaki na mmoja.

"Siku mbili nilikuwa mtu wa ajabu," anasema. "Mboga niliitia chumvi mara mbili. Binti yangu mdogo akaniuliza, mama, una nini? Nikamwambia kichwa. Akaniambia, mama, kichwa hakitii chumvi mara mbili. Watoto wa siku hizi!"

Jumamosi jioni alipiga moyo konde, akampigia simu Binti Kompyuta. Hakumweleza mengi. Alimwambia tu, "Mwanangu, usipeleke ile kazi. Kesho njoo masjala. Njoo na ile namba yako, mimi nitakuwa na rejesta yangu."

Binti Kompyuta siku hizi ana miaka ishirini na tisa na anatengeneza mifumo ya kutunza kumbukumbu. Tulimkuta ofisini kwake, chumba chenye meza tatu na feni moja inayozunguka pale inapojisikia. Anapoisimulia Jumapili ile anafunika uso kwa viganja, kisha anacheka.

"Nilifika nikiwa na hasira," anakiri. "Nikajisemea huyu mama anaogopa kompyuta tu, anataka kuniharibia. Akanikalisha, akafungua rejesta, akaweka kidole kwenye jina la kwanza. Akaniambia, huyu mimi nilimwandika saa kumi na mbili na dakika arobaini. Wewe unasemaje? Nikaangalia kwangu. Kwangu alifika saa mbili na dakika hamsini. Akashuka jina la pili. La tatu. Kufika la sita nikamwambia, mama, basi."

Hakukasirika tena. Alilia.

"Nilimlilia vibaya," anasema. "Mama yangu alishashona gauni la mahafali. Ufadhili wangu ulikuwa unaishia muhula ule. Mimi ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kufika chuo, ukoo mzima ulikuwa unanisubiri kwa vigelegele. Na unajua kilichoniuma zaidi? Nilikaa kwenye lile benchi wiki mbili mwanzoni. Nililijua. Namba ilipokuja nzuri, sikurudi hata siku moja kutazama. Namba ukiipenda huiulizi maswali."

Mama Faili alimwacha alie. Kisha akamnunulia chai kwa mama wa getini, wakarudi kwenye rejesta. Mchana kutwa, mmoja anasoma saa za pembeni, mwingine anazipiga kwenye kompyuta. Hawakumaliza Jumapili ile. Binti Kompyuta alirudi kila siku wiki nzima, baada ya saa za kazi. Wagonjwa elfu mbili na mia tatu na kumi na wanane, bila kuruka hata mmoja.

Jibu lilipotoka lilikuwa saa mbili na dakika nne. Ule mfumo wote, mistari yote ile ya programu, ulikuwa umempunguzia mgonjwa dakika kumi na moja za kusubiri, si kumwachia dakika kumi na moja. Binti Kompyuta anasema walitazamana, wakaangua kicheko mpaka mlinzi akaja kuchungulia kama kuna usalama.

Lakini kabla jibu halijatoka, palikuwa na Jumatatu. Asubuhi ile wanawake wawili, kila mmoja mahali pake, walikwenda kusema ukweli roho mkononi.

Binti Kompyuta aliingia kwa msimamizi wake, ambaye ndiye yule mhadhiri wa miwani, akamwambia namba yake si ya kweli.

"Nilimuuliza, umejuaje? Akasema, karani ameniambia. Nikamuuliza, na karani kajuaje? Akasema, alikuwepo, na aliandika." Mhadhiri anavaa miwani, anaivua tena. "Unajua, nusu ya wanafunzi wangu wanaamini vipimo tu. Kilichopimwa na mashine ndicho kweli, maneno ya watu ni kelele. Nusu nyingine wanaamini maelezo tu, nenda kamuulize mtu anavyoona. Wanagombana humu darasani kama mashabiki wa mpira. Huyu alinijia na kipimo kilichosema uongo na mama aliyesema kweli kwa sababu naye alikuwa na kipimo chake. Nilitaka kuinuka nicheze."

Hakucheza. Alimwandikia mwanafunzi wake barua ya kuombea ufadhili muhula mmoja zaidi, akaipeleka mwenyewe ofisi kwa ofisi, siku tatu, mpaka ikapata muhuri. Gauni la mahafali lilisubiri kabatini miezi sita. Mama yake mzazi alinung'unika, kisha akaongeza mikono ya kitambaa kingine, likatoka zuri kuliko mwanzo.

Mama Faili yeye aligonga kwa mkuu wa kituo saa mbili kamili. Hakuwataja wenzake wawili. Alisema, "Mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha kuwaingiza." Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, uso umemshuka, akamwambia aandike barua ya kujieleza.

"Niliandika mistari kumi na mmoja," anasema. "Nikaona nikizidisha nitaanza kujitetea. Mstari wa mwisho nilimwandikia hivi: naomba daktari wa pili asihamishwe, hata kama mimi sitakuwepo."

Ikawa kimya wiki nzima, na ya pili ikaanza. Anasema alikwenda kazini kila siku akiwa amevaa nguo yake nzuri, asije akafukuzwa akiwa amevaa vibaya. Wenzake walipojua amejibebesha mzigo peke yake, mmoja alimwinamia miguuni palepale masjala, na yeye akamwambia ainuke, wagonjwa wanatazama.

Kisha Jumatano moja akamkuta mkuu wa kituo ameshafika kabla yake. Amekaa kwenye kiti cha masjala, tai shingoni, mikono kwenye kibodi.

"Akaniambia, leo pumzika, nitasajili mimi. Kila mgonjwa papo hapo. Nikamwambia sawa, mkuu. Nikavuta stuli, nikakaa nyuma yake, nikafunga mdomo."

Dirisha lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Kompyuta ilichukua dakika zake sita. Mgonjwa wa kwanza, dakika nne. Wa pili alikuwa na jina refu. Wa tatu, mfumo ulikwama. Kufika saa moja na nusu mkuu alikuwa amesajili watu tisa, tai iko mezani, na benchi limeanza kupiga kelele. Bibi mmoja alisogea dirishani, hakumjua ni nani, akamwambia, "Mwanangu, kama kazi huiwezi mwite Mama Faili, sisi tunaumwa."

Mkuu wa kituo mwenyewe, ambaye alikubali kuzungumza nasi kwa sharti kwamba tusimpambe, anathibitisha kila neno. "Nilitoka pale jasho linanitiririka," anasema. "Nilimuuliza, mama, hii kazi mnaifanyaje? Mimi nilikuwa nimeweka amri ukutani bila kuikalia hata asubuhi moja. Ningemfukuza mtu pekee aliyeniambia ukweli. Namshukuru sana yule bibi."

Tangazo lilibanduliwa siku ileile. Mkataba uliongezwa. Daktari wa pili yupo hadi leo. Asubuhi tuliyokuwepo ndiye aliyekuwa akimpima yule mtoto mwenye homa. Binti Kompyuta aliongeza kwenye mfumo wake nafasi moja ndogo tu, ambapo karani anaandika saa aliyofika mgonjwa kutoka kwenye rejesta. Mwaka uliofuata, kwa takwimu hizo za kweli, kituo kiliomba daktari wa tatu kwa ajili ya asubuhi, na kikampata. Kwa sasa mgonjwa anasubiri saa moja na dakika ishirini.

"Si dakika kumi na moja," anasema Mama Faili. "Lakini zipo. Ukitaka kuziona, kaa pale."

Ndiyo maana mhadhiri humwalika kila mwaka, siku ya kwanza ya somo. Chuo humlipa nauli na chakula cha mchana, na mkuu wa kituo humpa ruhusa. Huenda na rejesta mpya isiyoandikwa kitu, maana majina ya wagonjwa hayatoki masjala.

Mwandishi alikuwa ndani ya ukumbi mwaka huu. Wanafunzi mia moja arobaini, kompyuta zimefunuliwa, nusu yao wanatazama mambo mengine. Mama Faili alipanda jukwaani na mkoba wake begani, akakataa kipaza sauti, akasema yeye huita wagonjwa kila siku, watamsikia. Walimsikia. Aliposimulia mkuu na tai yake, ukumbi ulivunjika mbavu.

Kijana mmoja akasimama kwa uchokozi. "Mama, kwa hiyo wewe uko kambi gani? Ya vipimo au ya maelezo?"

"Mimi niko kambi ya dirishani," akajibu. "Ninyi mkija kupima, semeni mmesimama wapi. Basi."

Makofi. Mhadhiri akaanza kuinuka kumshukuru mgeni wake. Ndipo msichana wa safu ya mbele, aliyekuwa kimya saa nzima, akanyoosha mkono.

"Mama shikamoo. Samahani. Wewe mwenyewe umewahi kusubiri pale benchini?"

Mama Faili alishusha mkoba begani, akauweka chini. Mhadhiri alibaki nusu ameinuka, hajui akae au asimame.

"Hapana," akasema. "Sisi wafanyakazi tukiumwa tunapitia mlango wa nyuma. Daktari anatuona palepale. Miaka ishirini na tatu, mwanangu, nimewaandika watu wakisubiri. Mimi sijawahi kusubiri hata saa moja. Kusubiri pale kukoje, sijui. Asante kwa kuniuliza."

Alishuka jukwaani, akamfuata yule msichana, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuna aliyepiga makofi wakati huo. Mwandishi aliona wanafunzi kadhaa wakifunga kompyuta zao ili watazame.

Njiani kurudi alisema kwamba mkuu wa kituo alikaa kiti cha karani asubuhi moja na akabadilika, na yeye hajawahi kukaa kiti cha mgonjwa. Alisema anawashukuru watu wengi: Mungu, mabinti zake ambao sasa wote wanafanya kazi, Binti Kompyuta anayempigia simu kila Jumapili na kumwita mama bila kukosa, mhadhiri, mkuu, na yule bibi wa dirishani ambaye wala hakurudi tena wakamjua ni nani.

"Na huyu wa leo," akaongeza. "Huyu kanishika pabaya. Namshukuru kuliko wote."

Amebakiza miaka mitatu astaafu. Kuna karani mpya anayemfundisha saa ya pembeni, na amemwapisha asiiache hata kompyuta ije na miguu. Lakini mpango wake mkubwa hausubiri kustaafu. Jumatano ijayo ana siku ya likizo. Ataamka saa kumi na moja, atafunga kitambaa kichwani ili asitambulike upesi, atapanga foleni nje kama mtu yeyote, na atakaa benchini mpaka aitwe. Akishajua kukoje, atakwenda chuoni kwa nauli yake kumtafuta yule msichana wa safu ya mbele.

Mwandishi akamuuliza kama hiyo si kuigiza tu, mtu mzima kwenda kuchukua nafasi ya wagonjwa.

Mama Faili akasimama katikati ya njia, akainama, akajisugua goti la kushoto polepole.

"Hili linauma tangu mwaka jana," akasema. "Ningeweza kupita mlango wa nyuma wakati wowote. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuandika wengine. Jumatano naandikwa mimi."